Malkia Aliyeinuka Mapema

Nilizaliwa na uso wa mama yangu. Wanawake wa Nambilanje, kijijini kwetu, walikuwa wakinisimamisha njiani, wananishika kidevu na kusema, "Huyu ni mama yake mtupu." Halafu mimi nafungua mdomo kuwaamkia, nao wanaangua kicheko, kwa sababu sauti niliyopewa ni ya shangazi, dada yake baba: nzito, yenye mkwaruzo, sauti ya kufukuzia nyani shambani. Mama alikuwa na sauti nyembamba na laini, hata akigomba ungedhani anabembeleza mtoto. Shangazi mwenyewe alipenda kusema kwamba Mungu alianza kuniumba vizuri, kisha akaitwa mahali, akamwachia mtu mwingine amalizie.

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa msichana mkaidi, mwepesi wa hasira, na sauti ile ilinifaa kwa ugomvi. Sikujua kwamba siku moja ingenifanya nitamani kuzaliwa bubu.

Mama alifariki kwa homa, wakati wa masika, nikiwa shule ya wasichana ya masista huko Nachingwea. Nilifika nyumbani kwa lori la magunia na kumkuta ameshazikwa. Nilichokikuta badala yake, pale uani, katikati ya waombolezaji, ni mama akipepeta ufuta.

Ndivyo nilivyoona, kwa kitambo kifupi. Kisha nikamtambua mtani wetu, mwanamke wa makamo kutoka Kiegei, wa ukoo ambao tangu enzi za mababu ndio wa kututania sisi, nasi kuwatania wao. Kwetu mtu akifa, wafiwa hulia na watani hucheza. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake, humsema kwa kasoro zake zote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mwanamke huyu alikuwa amejifunga kanga za mama. Alikuwa na ungo wa mama. Na sauti, Mungu wangu, sauti alikuwa nayo kamili.

"Baba watoto," alisema, akimkodolea macho baba, "jembe umeliacha nje linanyeshewa. Hilo nalo litaingia ndani kwa miguu yake?"

Watu walijipigapiga mapaja kwa kucheka. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba uanze. Nilimtazama sana. Alikuwa amefumba macho. Akiyafumbua alikuwa anamwona mtani. Akiyafumba, mkewe alikuwa palepale anamgombeza.

Siku ya kuvunja tanga, mtani alikula, akavua zile kanga, akazikunja vizuri na kumkabidhi shangazi. Akapewa kuku wake, akaenda zake. Kazi ya mtani inaishia hapo. Tanga likishavunjwa marehemu haigizwi tena, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo. Hakuna isipokuwa baba.

Niliporudi likizo, shangazi alinipeleka kando akaniambia kwamba baba amekuwa mtu wa kukaa. Palizi ya ufuta ilikuwa imemshinda, mikorosho ilikuwa imezingirwa na majani. Alikuwa ametembea mpaka Kiegei kumwomba mtani amfanyie tena mkewe, maneno machache tu. Mtani alikataa. "Tanga limevunjwa," alimwambia. "Nikimwita sasa nitakuwa namwita kweli." Baba alirudi, akakaa majuma machache, akaenda tena. Akakataliwa tena.

Alichotaka kilikuwa kidogo: kuisikia sauti ya mama mara moja nyingine. Mimi niliyekuwa na uso wake sikuwa na cha kumpa. Nikipepeta au kumenya muhogo kimya kimya alikaa akinitazama kwa utulivu kabisa. Nikisema neno, hata la kumwuliza kama ameshiba, aliangalia pembeni. Nilidhani amenichoka. Niliudhika, nikarudi shuleni kabla likizo haijaisha.

Sasa nije kwa Bibi Mwalimu, maana bila yeye nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Miaka ile Nachingwea ilikuwa imejaa Wazungu wa karanga. Waling'oa misitu kwa matrekta makubwa kama nyumba, wakapanda, karanga zikawagomea. Bibi Mwalimu alikuwa mke wa mmoja wao, bwana wa mitambo. Yeye karanga hazikumhusu. Alikuja kwa masista kujitolea kutufundisha Kiingereza, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni michezo ya kuigiza ya kwao, ya karne ya kumi na saba ilipokuwa ikielekea ukingoni. Aliizungumzia London ya wakati huo kama mtu aliyetoka huko juzi na kusahau mwavuli wake.

Alituambia kwamba watawala wakali wa dini walikuwa wamezifunga nyumba zote za michezo kwa miaka mingi, wakiona ni kazi ya shetani. Mfalme aliyekuwa uhamishoni aliporudi, zikafunguliwa, na watu wakazivamia kama wenye njaa. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile wanawake waliruhusiwa kupanda jukwaani. Kabla yao wavulana ndio waliojifunga nguo za kike. Mchezo ulianza alasiri. Mishumaa ilining'inia juu ya vichwa na kuwadondoshea nta. Wasichana walipita katikati ya mabenchi wakiuza machungwa, na vijana wa kitajiri walikwenda kukaa juu ya jukwaa lenyewe, pembeni ya waigizaji, ili watu wayaone mawigi yao.

"Na hawakufukuzwa?" niliuliza.

"Nani awafukuze?" alisema. "Walikuja kutazamwa. Mchezo ulikuwa kisingizio."

Nilimpenda tangu hapo. Mtu anayesema wazi kwamba watu huenda mahali kutazamwa hawezi kuwa mtu mbaya.

Alitaka tuigize mchezo mmoja wa zama zile, wazazi waje waone. Tatizo lilikuwa Sista Mkuu. Michezo mingi ya kuchekesha ya wakati ule ilihusu wake wanaowazunguka waume zao, na waume wanaostahili kuzungukwa. Sista Mkuu alichukua kitabu kimoja, akakaa nacho na kamusi, na baada ya kurasa chache akakirudisha akiwa amekishika kwa ncha za vidole. Ikabaki michezo ya huzuni. Hiyo ilikuwa safi: watu hawakushikana, waliuana tu.

Tukapata mmoja wa malkia wa nchi ya mbali anayelazimishwa na mumewe mfalme kuchagua kati ya mateka anayempenda na uhai wake mwenyewe, naye anakunywa sumu. Tulipouliza nchi hiyo iko wapi, Bibi Mwalimu alipekua kitabu na kusema kwamba mwandishi hakuonekana kuwa na uhakika. Waandishi wa wakati ule, alisema, walipenda kuandika habari za nchi ambazo hawakuwahi kukanyaga, na kila mfalme wa mbali walimvika manyoya. Kila mtu katika mchezo alizungumza kwa mistari yenye vina, miwili miwili, hata anapoomba maji. Tuliitafsiri kwa Kiswahili darasa zima. Bibi Mwalimu alikuwa na Kiswahili cha kuagizia mayai, kwa hiyo vina vilikuwa juu yetu, na tulivipigania mpaka wengine wakanuniana.

Mimi nikapewa umalkia. Nilidhani ni kwa sababu ya uso. Bibi Mwalimu akanikata kilimi: ni kwa sababu ya sauti, ilifika mpaka jikoni.

Siku tulipofika mwisho wa tafsiri, tulikuta ajabu. Malkia ameshakufa, mfalme ameshalia, kila kitu kimekwisha, halafu kuna ukurasa mmoja zaidi ambao malkia huyo huyo anasema. Tukadhani kurasa zimechanganyika. Bibi Mwalimu akacheka, akatueleza kwamba ilikuwa desturi. Watu wa zama zile walipenda sana kulia katika nyumba za michezo, lakini hawakutaka kurudi kwao na kilio. Kwa hiyo yule yule mwanamke aliyekufa aliinuka palepale, damu ya bandia bado haijakauka, akawatania watazamaji. Aliwasema, alijisema, aliwaomba makofi. Wakacheka, wakaenda kula.

Wenzangu waliona ni upuuzi. Walisema mwandishi ameuharibu mchezo wake mwenyewe. Mimi niliweka kalamu chini. Kisha nikasema, "Ni mtani."

Nilimsimulia Bibi Mwalimu habari za watani, na za mtani wetu aliyevaa kanga za mama. Aliacha kuandika. Aliniuliza kama iliniuma kumwona mama akiigizwa. Nikasema hapana, kilichoniuma ni pale alipovua zile kanga.

Kisha akanifundisha namna ya kuinuka. Hili alilitilia mkazo kuliko jambo lolote. Malkia asiinuke polepole. Asikae kitako kwanza na kupepesa macho. "Ukiinuka, sema hapo hapo," alisema. "Usiwape nafasi ya kuamini. Ukichelewa kidogo tu watadhani amefufuka, nao watapata tumaini, na ukishampa mtu tumaini la namna hiyo huwezi tena kumchekesha." Tulilifanyia mazoezi mpaka mgongo ukaniuma. Ngoma ikipigwa pigo moja, mwili juu, mdomo wazi. Mwili juu, mdomo wazi.

Siku ya mchezo wazazi walijaa uwanjani. Jukwaa lilikuwa la mbao za makasha ya vipuri, pazia lilikuwa turubai la kambi ya karanga, na mawigi tuliyatengeneza kwa katani, yaliwasha kama upupu. Taji langu lilikuwa la manyoya ya kanga na jogoo, limeshonewa kwenye wigi lenyewe. Wazungu walikaa kwenye viti, watu wengine kwenye mabenchi na mikeka. Mtani wetu alikuwapo, kwa sababu alikuwa na mpwa wake shuleni. Nilimwona mikekani, amekunja miguu, anatafuna muhogo mkavu. Na baba alikuwapo. Alikuwa ametembea kutoka Nambilanje, na sista mmoja kwa kumhurumia akamkalisha benchi la mbele kabisa. Alikuwa amekonda, shati limebaki kama la mtu mwingine.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Nilikunywa sumu, nikasema mistari yangu ya mwisho, nikaanguka juu ya kitanda cha kamba kilichotandikwa kitambaa chekundu. Halafu kutoka mikekani mwanamke mmoja akapiga yowe la msiba, lile lenyewe, si la kuigiza, na wengine wakadakia. Nilifurahi. Nililala pale nimefumba macho, nikingoja ngoma, nikijiona mwigizaji wa kupigiwa mfano.

Badala ya ngoma nikasikia miguu mitupu inapanda mbao.

Mpaka leo sijui kama mtani alikosea au alifanya kusudi. Mtani haulizwi. Lakini jitieni mahali pake: binti wa watani zake amelala amekufa, wanawake wanalia, na yeye amekaa anatafuna muhogo kama mgeni. Angewezaje? Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaninyakua taji pamoja na wigi lake, akajivika.

"Mnamlilia nini huyu?" alisema kwa Kimwera, lugha yetu ya nyumbani. "Kafa kwa ulafi. Kaona kikombe, hajui ni cha nani, hajauliza, kakinywa chote!"

Uwanja ukalipuka. Akasimama, akaanza kusema mistari yangu kwa sauti yangu, nzito, yenye mkwaruzo, akikosea maneno yote na kupatia vina. Watu walianguka wakashikana mabega. Wazungu hawakuelewa, lakini walipiga makofi kwa adabu. Nami nililala. Ningefanya nini? Maiti hagombi. Nilimsikia Bibi Mwalimu nyuma ya turubai akivuta pumzi, nikangoja mtani amalize, aondoke, nifanyiwe ishara yangu.

Kicheko kilipoanza kupungua nikasikia sauti ya baba.

"Mtani."

Haikuwa kubwa. Alikuwa karibu sana nasi.

"Mtani wangu, maadam umeshasimama, nifanyie na mama yake."

Mbao zililia kidogo chini ya miguu ya mtani. "Yule nilishammaliza," alisema.

"Maneno mawili."

"Tanga lilivunjwa, mtani. Ulikuwapo. Ulikula."

"Lile la jembe tu," alisema baba. "Lile la jembe linalonyeshewa. Kisha nakaa."

Hakuna aliyecheka. Watu wote wa kwetu waliokuwa pale walijua anaomba nini, na waliona haya kwa niaba yake. Nilitamani kuinuka nimshike mkono nimtoe nje. Nilitamani mtani aseme, jamani, aseme tu, kuna ubaya gani, maneno yenyewe ni ya jembe! Nilibana macho mpaka yakauma. Sikuwa na la kufanya. Nilikuwa maiti wa watu, kwenye mchezo wa watu, na baba yangu alikuwa anaomba mbele ya umati kama mtoto.

"Nisamehe," alisema mtani.

Sijawahi kabla wala baada kusikia mtani akimwomba msamaha mtani wake. Aliniwekea taji na wigi kifuani, taratibu, kama anavyowekwa mtoto aliyelala, akashuka.

Msichana wa ngoma, kwa hofu ama kwa huruma, akapiga pigo lake. "Sasa!" Bibi Mwalimu alinong'ona nyuma ya turubai. "Sasa, sasa!"

Mwili juu.

Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Niliinuka kama niliyevutwa kwa kamba. Taji lilianguka na wigi lake, nikabaki na kichwa changu mwenyewe, nywele zimesukwa mistari kama alivyokuwa akinisuka mama na kujisuka yeye. Mbele yangu, hatua chache tu, baba alikuwa amesimama. Alikuwa ananitazama. Mikono ameitanguliza kidogo, kama mtu anayetaka kumtua mkewe mzigo kichwani. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuuona hata mama alipokuwa hai, na wakati huo huo nikaelewa kwa nini nyumbani alinitazama nikiwa kimya na kuangalia pembeni nikisema. Nilielewa yote. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Futeni machozi yenu, sumu ilikuwa maji;
Malkia ni mzima, arudi kupika uji!"

Ilifika mpaka jikoni. Sauti ya shangazi, ya kufukuzia nyani. Watu walicheka kwa nguvu, nadhani kwa kushukuru kwamba kuna kitu cha kuchekea. Baba alirudisha mikono yake. Akalipapasa benchi kwa nyuma kuhakikisha lipo, akakaa. Niliyasema maneno yote yaliyobaki, nikawatania Wazungu, nikamtania Sista Mkuu, nikaomba makofi nikapewa. Kila neno nililitoa nikimwangalia yeye akiangalia pembeni, na sikujua namna ya kunyamaza.

Bibi Mwalimu alinikumbatia nyuma ya pazia, akasema nimeinuka barabara, kama wale wa zamani hasa. Alikuwa analia kwa furaha. Kabla mwaka haujaisha Wazungu wa karanga walianza kufunga virago, naye akaenda na mumewe. Sikumwambia chochote. Alinifundisha kweli tupu, na hakuwa na kosa.

Asubuhi yake niliomba ruhusa, nikamsindikiza baba mpaka mwanzo wa njia ya Ruangwa. Nilikuwa nimeamua kutosema neno lolote, nimpe japo uso, lakini yeye hakunitazama. Alitazama mashamba ya karanga yaliyoota magugu, akaulizia muhogo unavyouzwa sokoni, nami nikalazimika kumjibu. Tulipofika mahali pa kuagana alihamisha mfuko wake kutoka bega moja kwenda jingine.

"Umecheza vizuri," alisema.

"Asante, baba."

Alipiga hatua, akasimama. Hakugeuka.

"Ila ungekaa kimya kidogo, mwanangu," alisema. "Ungesimama tu vile vile."

Kisha akashika njia yake, nami nikabaki nimesimama pale, mdomo nimeufunga.